Simu inayomsahau mhazini kila Jumamosi

"Mwanangu, hii simu inanisahau kila Jumamosi."

Aliyeniambia hivyo ni mama mmoja, mhazini wa kikundi cha kuweka na kukopa kisiwani Ukerewe. Tulikuwa chini ya mwembe, saa nne asubuhi, wanakikundi wameshakaa kwenye mikeka na sanduku la fedha limeshawekwa katikati. Nilikuwa nimevuka ziwa kutoka Mwanza kwa ajili ya kikao hicho kimoja, nione programu yetu ya simu ya kuandikia hisa na mikopo ya vikundi inavyotumika mikononi mwa wenyewe. Nilipomaliza kumwamkia mama akanigeuzia kioo cha simu. Palikuwa na ukurasa niliouchora mimi: "Karibu. Weka namba yako ya simu." Wiki iliyopita aliiweka. Wiki ya kabla yake aliiweka vilevile. Kwake yeye neno "Karibu" lilikuwa na maana moja tu, kwamba simu haimjui tena.

Akaweka namba. Seva yetu ikatuma ujumbe wenye tarakimu sita. Tukangoja. Laini yenye namba ile haikuwa ndani ya simu aliyoishika. Ilikuwa kwenye kitochi chake, na kitochi alikuwa amemwachia binti yake aliyekwenda Nansio sokoni. Binti akapigiwa. Mtandao ukakata. Akapigiwa tena, akazisoma tarakimu, mama akaziandika kiganjani kwa kalamu, akaziingiza, na programu ikamjibu kwamba muda wa namba hizo umekwisha, maana nilikuwa nimezipa dakika tano. Watu ishirini na wawili wamekaa wanatutazama. Mwenyekiti, mzee mpole sana, akasema, "Basi tuandike kwenye daftari, tutahamisha baadaye." Wakaandika kwenye daftari.

Nilirudi Mwanza jioni na swali moja kichwani: nani aliamua kwamba mama huyu atolewe nje kila wiki? Niliamua mimi. Kulikuwa na mstari mmoja katika msimbo wetu uliosema tokeni ya kuingilia, ile alama ya siri inayomtambulisha mtumiaji kwa seva, idumu siku 7, na mstari ule niliuiga kwenye somo fulani la mtandaoni bila kujiuliza siku saba za nani. Kikundi kinakutana Jumamosi saa nne. Mhazini akiingia leo saa nne na dakika kumi, tokeni inakufa Jumamosi ijayo saa nne na dakika kumi, yaani dakika ileile watu wanapoanza kupanga foleni ya kununua hisa. Hata ningekusudia kumsumbua nisingepata muda mbaya kuliko huo. Ofisini hatukuwahi kuliona tatizo, kwa sababu sisi watengenezaji tunafuta programu na kuiweka upya mara kumi kwa siku. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kukaa ndani ya programu yetu wenyewe wiki nzima.

Tangu siku ile suala la kumweka mtumiaji ndani, asitolewe ovyo, limekuwa kazi ninayoipenda kuliko zote. Naandika hapa niliyojifunza, hasa kwa vijana wanaotengeneza programu za watu wasiokaa karibu na mnara wa simu.

Jambo lenyewe lina mzizi wa zamani. Itifaki ya HTTP, lugha ambayo vivinjari na programu huongea na seva, haina kumbukumbu. Kila ombi linalofika kwenye seva ni mgeni anayepiga hodi upya, hata kama alipiga hodi hiyohiyo sekunde mbili zilizopita. Mwaka 1994 Lou Montulli, mhandisi wa kampuni ya kivinjari ya Netscape wakati huo, akabuni dawa: seva ikipe kivinjari kijikaratasi, na kivinjari kikionyeshe kijikaratasi hicho kila kinaporudi. Ndicho kidakuzi (cookie). Programu ya simu nayo hufanya hivyohivyo kwa njia yake, inahifadhi tokeni na kuituma pamoja na kila ombi. Seva haimjui mhazini. Inaijua karatasi aliyoishika.

Na hapo ndipo penye hofu ya kweli, kwa sababu atakayeiba karatasi hahitaji nywila. Oktoba 2010 Eric Butler alitoa kiongezo cha kivinjari cha Firefox kilichoitwa Firesheep. Ulikaa kwenye Wi-Fi ya wazi ya mgahawa, ukabofya, ukaona majina ya watu waliokaa meza za jirani, ukabofya jina, ukawa ndani ya akaunti yake. Tovuti nyingi wakati huo zilitumia HTTPS, yaani HTTP iliyosimbwa, kwenye ukurasa wa kuingia tu, kisha vidakuzi vikasafiri uchi. Septemba 2018 Facebook walitangaza kwamba wezi wamechukua tokeni za akaunti karibu milioni 50, hesabu waliyoishusha baadaye hadi milioni 30, na wakawatoa nje watu wapatao milioni 90 kwa tahadhari. Siku ile kumtoa mtu nje kulikuwa haki kabisa. Kulikuwa na sababu, na sababu ilikuwa kubwa.

Mama yetu alitolewa bila sababu yoyote. Hakuna aliyeiba kitu. Siku zilitimia tu.

Ndiyo maana leo mtu akiniambia "tuwatoe baada ya muda fulani, kwa usalama," namuuliza usalama dhidi ya nani. Kuingia upya si jambo la bure. Mtu anayelazimishwa kuingia kila mara ndiye anayeandika nywila nyuma ya kitabu cha hisa, anayempa mjukuu amkumbukie, anayeizoea mno ile hali ya kuulizwa tarakimu sita hata siku tapeli akimpigia na kuziomba anazitaja bila kushtuka. Tunamfundisha kuzitoa. Na hizo tarakimu zinathibitisha kitu kimoja tu, kwamba fulani ameshika laini hiyo leo. Laini hufungwa kwa kutotumika, kisha namba hupewa mtu mwingine kabisa. Kadiri unavyomuuliza mtu mara chache, ndivyo unavyopata nafasi ya kumuuliza vizuri siku inapobidi.

Basi tulibadilisha. Tukaacha tokeni moja, tukaweka mbili, kama wafanyavyo wengi tangu OAuth 2.0, kiwango cha kutoa ruhusa kwa tokeni, ilipochapishwa mwaka 2012 kwa jina la RFC 6749. Ya kwanza ni ya kupitia: tuliipa dakika 15, inatumwa na kila ombi, ikiibwa haimfikishi mwizi mbali. Ya pili ni ya kuhuishia: inakaa simuni imetulia, kazi yake ni kwenda kwenye seva kuomba tokeni nyingine ya kupitia ile ya kwanza inapokwisha. Hii tuliipa siku 90 tangu ilipotumika mara ya mwisho. Mwenzangu mmoja alinionyesha mwongozo wa NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, SP 800-63B wa mwaka 2017, ambao kwa daraja la chini la usalama ulitaka mtu athibitishwe upya angalau kila siku 30. Niliuheshimu, tukaujadili siku nzima. Lakini vikundi hivi vikishafanya mgao wa mwisho wa mzunguko hupumzika, vingine hata mwezi na ushee. Siku 30 zingewatoa wahazini wote nje katika kikao cha kwanza cha mzunguko mpya, siku yenye wanachama wapya na maswali mengi kuliko zote. Tulikwenda na 90, na fidia yake nitaieleza chini.

Tukaongeza pia mzunguko wa tokeni: kila tokeni ya kuhuishia inapotumika, seva inatoa mpya na kuiua ya zamani. Ikiwa ya zamani itaonekana tena, maana yake watu wawili wanayo, mmoja wao ni mwizi, na seva inaua ukoo mzima wa tokeni hizo. Ni kinga nzuri. Mwongozo wa usalama wa OAuth uliotoka Januari 2025, RFC 9700, unataka jambo hili kwa programu za simu, au vinginevyo tokeni ifungwe kwenye kifaa chenyewe kwa ufunguo wake. Tuliweka kinga hiyo, tukajaribu ofisini kwenye Wi-Fi yetu, ikafanya kazi bila kasoro. Tukapeleka kwa watu.

Wiki ya pili yake simu zikaanza kuingia. Wanatolewa nje tena, na safari hii si Jumamosi tu. Jumatatu, Alhamisi, usiku, wakati wowote.

Nilikaa siku tatu na kumbukumbu za seva sikuona kitu, kwa sababu nilikuwa natafuta kosa. Seva haikuwa na kosa. Iliandika kwa utulivu kila mara: tokeni iliyokwisha kutumika imeonekana tena, ukoo umefutwa. Kwa maelezo yake, nusu ya wahazini wa visiwani walikuwa wameibiwa.

Nikaamua kupanda meli. Kutoka Mwanza hadi Nansio ni kama saa tatu hivi, na ukishaupita mji, mtandao huja na kuondoka kulingana na upande gani wa meli umekaa. Niliweka simu mbili magotini, moja yenye programu ya kawaida na nyingine yenye toleo linaloandika kila hatua. Nilikuwa nimepunguza tokeni ya kupitia iwe ya dakika moja ili niyaone mambo upesi. Karibu nusu ya safari nikaliona.

Simu ilituma ombi la kuhuisha saa tano na dakika 12. Mstari wa mtandao ulikuwa mmoja. Ombi lilifika Mwanza salama, seva ikaua tokeni ya zamani, ikatengeneza mpya, ikaituma. Jibu halikufika. Meli ilikuwa imegeuka kidogo, mtandao ukapotea. Simu, kwa upande wake, iliona kimya, ikabaki na tokeni iliyokuwa nayo, kama inavyopasa. Saa tano na dakika 31 mtandao ukarudi. Simu ikajaribu tena kwa uaminifu, na tokeni ileile. Seva ikaiangalia, ikasema huyu ni mwizi, ikafunga mlango.

Nililitazama lile jambo mara nne kabla meli haijafika Nansio. Hakukuwa na mwizi. Kulikuwa na ziwa. Tulikuwa tumejenga kinga inayodhani kwamba jibu likishatumwa limefika, na dhana hiyo ni ya mtu anayeishi mahali ambapo mtandao haukati.

Dawa inayopendekezwa mara nyingi ni kuipa tokeni ya zamani sekunde chache za msamaha, thelathini hivi. Kwa jiji inatosha. Kwangu jibu lilipotea dakika 19. Tukatafuta njia nyingine, na ilitoka kwenye sanduku lenyewe la kikundi.

Asiyeyajua masanduku haya: yana kufuli tatu na watunza funguo watatu, na hakuna mmoja wao anayelilaza sanduku nyumbani kwake. Mtunza ufunguo akibadilishwa, yule wa zamani haachiwi aende zake siku hiyo ya uchaguzi. Anakaa mpaka mpya afungue kufuli mbele ya watu na ufunguo ukubali. Hapo ndipo wa zamani anakaa chini.

Tukaandika hivyohivyo. Seva ikitoa tokeni mpya, ya zamani haifi. Inabaki hai mpaka mpya itumike kwa mara ya kwanza, kwa sababu kutumika kwake ndiko ushahidi pekee kwamba imefika. Simu ikirudi na ya zamani wakati mpya haijawahi kutumika, seva inaelewa kwamba jibu lilipotea njiani, inaifuta ile mpya iliyopotea, inatoa nyingine. Lakini mpya ikishatumika, kisha ya zamani ikatokea, hapo kweli kuna watu wawili, na ukoo unafutwa bila mjadala. Kinga haikupungua. Mwizi akiiba tokeni na kuitumia, siku mwenyewe atakaporudi na yake wawili hao watagongana, na seva itajua.

Tulipopeleka badiliko hilo, simu za malalamiko zilipungua sana, ila hazikuisha. Zilibaki kesi za watu wa mjini kabisa, Nyamagana na Ilemela, wenye mtandao mzuri. Kwao kosa lilikuwa ndani ya programu yenyewe. Ukurasa wa kwanza ulikuwa unaomba vitu vitatu kwa mpigo: hisa, mikopo, na mfuko wa jamii. Mtu akifungua programu asubuhi tokeni ya kupitia imeshakwisha, kwa hiyo maombi yote matatu yanarudi na jibu la 401, yaani hujatambulika, na kila moja linakimbilia kuhuisha kivyake na tokeni moja. La kwanza linafanikiwa, programu inaanza kutumia tokeni mpya, kisha la tatu linafika limechelewa na ile ya zamani. Mgongano, ukoo umefutwa. Mtumiaji amefungua programu tu, hajagusa kitu, yuko nje. Tukaweka kufuli moja: wa kwanza akienda kuhuisha, wengine wangoje mlangoni, akirudi na tokeni waitumie wote. Mistari kama ishirini ya msimbo. Ukikagua programu yako kesho, anza na hilo.

Kisha liangalie hili, ambalo kwangu mimi ni baya kuliko yote na nimelikuta katika kazi za watu wenye uzoefu mkubwa. Sehemu ya msimbo inayohuisha tokeni ilikuwa na maneno haya kwa tafsiri: jaribu, ukishindwa, futa tokeni, mpeleke kwenye ukurasa wa kuingia. Ukishindwa kwa sababu gani? Kama seva imesema waziwazi kwamba tokeni si halali, sawa, mpeleke. Lakini simu isipopata mtandao nako ni kushindwa. Seva ikiwa inawashwa upya ikajibu 503, yaani haipatikani kwa sasa, nako ni kushindwa. Bando limeisha, ni kushindwa. Usiku mmoja tuliizima seva dakika nane tu kufanya matengenezo, na kila aliyefungua programu ndani ya dakika hizo nane tulimtupa nje, na hakuweza kurudi bila ujumbe wa tarakimu sita, na kila ujumbe tunaulipia sisi. Tokeni zao zilikuwa nzima. Tulizifuta wenyewe, simuni mwao, kwa sababu sisi tulikuwa tumelala. Sasa sheria yetu ni kwamba tokeni inafutwa kwa neno la seva peke yake. Kimya si neno. Mtu asiye na mtandao anaendelea kuona hisa zake za jana na anaandika za leo, zitapanda mtandao ukirudi.

Saa ya simu nayo usiiamini. Programu yetu ilikuwa inasoma ndani ya tokeni muda wa kufa na kuulinganisha na saa ya simu. Simu iliyoishiwa chaji kabisa huweza kuamka na tarehe ya miaka mingi nyuma, na mwingine husogeza tarehe mbele kwa mkono kwa sababu zake. Muulize anayejua saa, yaani seva.

Upande wa tovuti sitakaa sana, kwa kuwa wanaotumia tovuti yetu ni wachache, waratibu na makatibu wachache. Tulikuwa tumeiweka tokeni kwenye hifadhi ya kivinjari inayosomwa na JavaScript, yaani msimbo wa kurasa, na mratibu mmoja mwenye iPhone akawa anaikuta imetoweka kila anaporudi baada ya wiki mbili. Tangu mwaka 2020 Safari, kivinjari cha iPhone, hufuta hifadhi hiyo baada ya siku 7 za matumizi ya kivinjari bila mtu kuigusa tovuti husika. Tulihamia kidakuzi kinachowekwa na seva, chenye alama za HttpOnly, Secure na SameSite, ambacho msimbo wa kurasa hauwezi kukisoma hata mtu mbaya akifanikiwa kupenyeza wake. Chrome nayo, tangu mwaka 2022, haikubali kidakuzi kiishi zaidi ya siku 400, kwa hiyo hata ukiandika miaka kumi unajidanganya. Na kwa katibu anayetumia kompyuta ya steshenari, usitegemee kwamba akifunga kivinjari kidakuzi kimekufa; kivinjari kilichowekwa kirudishe kurasa za mara ya mwisho huweza kurudisha na vidakuzi vyake. Tunamuuliza waziwazi anapoingia: hii kompyuta ni yako? Akisema si yake, tunampa saa moja ya upande wa seva, basi.

Sasa ile fidia niliyoahidi. Kama mhazini anakaa ndani siku 90, itakuwaje simu ikiibwa?

Jibu watu wetu wanalijua kuliko sisi watengenezaji. Mtu akibonyeza *150*00# kwenye laini ya Vodacom, menyu ya M-Pesa inafunguka bila kumuuliza yeye ni nani. Laini imeshasema. Lakini akitaka kutoa hata shilingi elfu, namba ya siri. Hakuna bibi aliyewahi kulalamika kwamba utaratibu huo una utata. Kufunguka ni jambo moja, kugusa fedha ni jingine, na kila moja lina mlango wake.

Tukafanya vivyo hivyo. Kufungua programu, kusoma hisa, kuandika mahudhurio, hayo yanafanyika bila kuulizwa. Kuidhinisha mkopo, kubadilisha kumbukumbu ya kikao kilichofungwa, kuongeza simu mpya, hapo unaombwa namba ya siri au alama ya kidole palepale, hata kama ulishaombwa dakika kumi zilizopita. Na mkopo haupiti kwa mtu mmoja. Unangoja wa pili aukubali kutoka kwenye simu yake. Tokeni ya kuhuishia tumeifungia kwenye hifadhi salama ya simu, Keystore kwa Android na Keychain kwa iPhone. Hapa nitaje jambo lililotushangaza: kwenye iPhone, kilichowekwa Keychain hubaki hata programu ikifutwa. Mtu alifuta programu, akampa mdogo wake simu, mdogo akaiweka upya, akajikuta ndani ya akaunti ya kakaye. Siku hizi programu ikiwashwa kwa mara ya kwanza baada ya kuwekwa, inafuta chochote cha zamani inachokikuta.

Tukaongeza ukurasa mmoja ambao nauona wa maana kuliko mwingine wowote tuliowahi kuchora. Unaitwa "Simu zilizo ndani." Unaorodhesha kila simu yenye tokeni hai: aina ya simu, siku ilipoingia, mara ya mwisho ilipotumika. Kando ya kila moja kuna kitufe chekundu, "Itoe." Tuliuweka pia kwa mwenyekiti, aweze kuitoa simu ya kiongozi mwenzake.

Mwezi wa tano katibu wa kikundi kimoja aliibiwa simu kwenye msongamano wa kushuka melini. Alikimbilia kibanda cha jirani, akaazima simu, akampigia mwenyekiti wake. Mwenyekiti hakutupigia sisi, hakutafuta namba ya ofisi. Alifungua ule ukurasa na kubonyeza "Itoe" akiwa shambani. Niliyaona kwenye kumbukumbu baadaye: tokeni ya kuhuishia ilikufa saa hiyohiyo, na ile ya kupitia, ambayo kwa namna tulivyoitengeneza haiwezi kuitwa irudi, ilikuwa imebakiza dakika sita. Mwizi hakuwahi hata kuifungua programu.

Mama mhazini hajatolewa nje tangu tulipomaliza kazi hiyo. Lakini mwezi uliopita alinunua simu mpya. Kijana wa dukani akamhamishia picha, namba za watu, na programu zote, ikiwemo yetu. Programu ilihama, ufunguo uliofungia tokeni haukuhama, kwa sababu Keystore haitoi ufunguo nje ya simu ile, na ndivyo inavyotakiwa iwe. Akafungua, akakuta "Karibu." Akanipigia.

"Mwanangu, imenisahau tena."

Nikamwambia, "Hapana mama, safari hii ni simu mpya, haijawahi kukujua."

Akafikiri kidogo, akauliza kwa nini wasiulizwe wale wenzake wawili wa funguo. Wao wanamjua, na simu zao zimo ndani. Sikuwa na jibu la kumkatalia. Ile njia ya tarakimu sita imeshaleta matatizo mara ngapi, na hapa kuna watu wawili waliochaguliwa mbele ya kikundi kizima, wanaomwona kwa macho kila Jumamosi.

Tumeijenga. Simu mpya inaonyesha namba fupi, watunza funguo wawili wanaiandika kila mmoja kwenye simu yake na kuweka alama ya kidole, na simu mpya inaingia. Ujumbe wa simu hautumiki kabisa. Tunapeleka taarifa kwa mwenyekiti, na kwa saa 24 simu hiyo mpya haiwezi kugusa mikopo, ili mtu akikosea au akilazimishwa pawe na nafasi ya kubonyeza "Itoe." Ofisini imefanya kazi. Nimeijaribu na mtandao wa kukatakata, na simu yenye tarehe ya mwaka 2010, na watu wawili wakibonyeza kwa mpigo.

Jumamosi hii napanda meli ya asubuhi. Kikao ni saa nne, mama ameahidi hataingia kwa njia ya zamani mpaka nifike.